Detour (1945): mtu aliyejihukumu kabla hajashtakiwa

Kuna kitu kwenye muvi ya Detour ambacho mtazamaji wa Dar au Mombasa anaweza kukipita bila kushtuka hata kidogo, ila Mmarekani akikiona lazima arudishe nyuma aangalie tena. Jamaa kasimama pembeni ya barabara anaomba lifti, magari yanakuja, na yanapita kushoto, dereva kakaa kulia, jamaa anafungua mlango wa kushoto anaingia kama sisi tunavyoingia kwenye gari kila siku. Sasa Marekani wanaendesha kulia. Kilichotokea ni kwamba zile sini zilipigwa sawasawa, lakini mwelekeo ukawa umekaa vibaya, maana jamaa anatoka New York mashariki anakwenda Los Angeles magharibi, na kwenye ramani magharibi iko kushoto, kwa hiyo kwenye skrini anatakiwa aonekane anaelekea kushoto muda wote. Badala ya kurudi barabarani kupiga upya waliigeuza picha yenyewe, kulia ikawa kushoto, maisha yakaendelea.

Nimeanza na hilo kwa sababu kwenye Detour huwezi kuutenganisha umaskini wa muvi na stori inayosimuliwa. Watu wengi wanaielezea kama vitu viwili, kwamba kuna stori ya mtu anayebambikiwa mauaji, halafu pembeni kuna mkasa wa muvi iliyotengenezwa kwa hela ya kuokoteza. Mimi naona ni kitu kimoja, na ukishakiona hivyo ule ubishi wa miaka yote kuhusu huyu jamaa, kama ana hatia au hana, unaanza kufunguka.

Kwanza tuweke majina. Dairekta ni Edgar G. Ulmer. Stori na skripti ni za Martin Goldsmith, ambaye alianza kuitoa kama kitabu mwaka 1939. Studio ni PRC, yaani Producers Releasing Corporation, moja ya zile studio ndogo za Hollywood ambazo watu wa fani walikuwa wanaziita kwa pamoja Mtaa wa Ufukara. Staringi, Al Roberts, kachezwa na Tom Neal, na mwanamke anayeitwa Vera kachezwa na Ann Savage. Ilitoka Novemba 1945, ina kama dakika 68 tu. Jina lake maana yake ni njia ya mchepuko, kama kile kibao unachokikuta barabara ikiwa inatengenezwa, kinakutoa kwenye lami kinakupeleka usikokujua.

Stori inakwenda hivi. Al anapiga piano kwenye klabu New York, mpenzi wake Sue anaimba palepale. Jamaa ana kipaji cha kupiga kwenye kumbi kubwa lakini anamalizia usiku wake na walevi, mteja akimtuza noti ya dola 10 yeye anaiona kama kikaratasi kilichojaa vijidudu. Sue anaondoka kwenda Hollywood kutafuta ustaa. Al hana nauli, anaamua kumfuata kwa lifti, yaani kuivuka Marekani nzima kwa kunyoosha kidole gumba. Akiwa Arizona anasimamiwa na bwana mmoja anaitwa Haskell, mtu wa kamari za farasi, ana gari la maana la wazi na hela mfukoni, anamnunulia hadi chakula. Mkononi ana mikwaruzo mirefu ya kucha, anasema ni ya mwanamke mmoja aliyempa lifti huko nyuma wakashindwana. Na kila baada ya muda anameza vidonge.

Usiku Al anashika usukani, Haskell analala. Mvua inaanza kunyesha, Al anasimamisha gari ili wafunike paa, anamwamsha mwenzake, mwenzake haamki. Anazunguka, anafungua mlango, mwili unaporomoka nje na kichwa kinapiga jiwe. Haskell ndo amekufa hivyo. Alikuwa ameshakufa usingizini kabla mlango haujafunguliwa, au kaua jiwe? Muvi haisemi, na haitakuja kusema.

Hapo Al anapiga hesabu yake kwenye mvua. Nani ataamini kwamba huyu bwana kaanguka tu kutoka kwenye gari lililosimama? Mimi sina hela, sina kazi, nimeokotwa barabarani, yeye ana pochi nono. Basi anaburuta maiti anaificha, anavaa nguo za marehemu kwa sababu mtu aliyechakaa hawezi kuonekana kwenye gari kama lile, anachukua hela na vitambulisho, anaondoka akiwa Haskell. Siku inayofuata, akiwa California, anamwona mwanamke kasimama sheli anatafuta usafiri, anampa lifti. Mwanamke analala kidogo, halafu anafumbua macho ghafla anamgeukia na kumuuliza mwenye gari hili umemwacha wapi. Ndo Vera. Ndo yule mwenye kucha.

Kuanzia hapo Vera amemshika. Anamtishia kumchoma kwa polisi, wanapanga nyumba Los Angeles kama mume na mke, wauze gari wagawane, halafu gazeti linaandika kwamba baba yake Haskell ni tajiri na yuko mahututi, Vera anataka Al ajifanye mtoto aliyepotea miaka mingi arithi. Al anakataa. Wanagombana wamelewa, Vera anachukua simu anakimbilia chumbani na kufunga mlango, anaanguka kitandani waya umemzunguka shingoni bila yeye kujua. Nje ya mlango Al anaushika ule waya unaopita chini ya mlango, anauvuta kwa nguvu zote ili ukatike asiweze kupiga polisi. Haukatiki. Akija kuvunja mlango anamkuta Vera amekufa, na aliyeuvuta waya ni yeye.

Sasa tuulize polepole. Nani amemsingizia huyu mtu? Vera peke yake ndo anamwambia usoni kwamba kaua, na Vera anatafuta hela. Polisi hawajamshtaki, hakuna hakimu, hakuna shahidi aliyesimama. Tena kuna kitu watu wanakisahau: baada ya Vera kufa Al anatoroka, na akiwa Bakersfield anasoma kwamba polisi wanamtafuta Haskell kwa kifo cha mke wake. Yaani serikali inamtafuta marehemu. Na Al Roberts mwenyewe kwenye makaratasi alishakufa, maana maiti ya Arizona imehesabiwa kuwa ni yeye. Hakuna mtu duniani anayetafutwa kwa jina la Al Roberts! Mahakama pekee inayoendelea kwenye muvi nzima iko kichwani kwake, na ilitoa hukumu usiku ule wa mvua kabla maiti haijapoa.

Hapo wengine wanaruka haraka kusema basi jamaa mpumbavu, angepiga simu polisi yangeisha. Mimi sikubaliani, na ili uelewe kwa nini inabidi uijue Marekani ya mtu asiye na nauli wakati ule.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimwaga watu barabarani kwa maelfu, wengi wakielekea California. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, akapeleka askari wake 136 kwenye mipaka ya jimbo zima, mamia ya kilomita kutoka mji wenyewe, kazi yao kumzuia mtu yeyote anayeonekana hana hela wala kazi na kumrudisha alikotoka. Askari wa mji mmoja wanalinda mpaka wa jimbo, dhidi ya Wamarekani wenzao! Zoezi lenyewe halikudumu, lakini California ilibaki na sheria iliyofanya kumleta mtu fukara ndani ya jimbo kuwa kosa, na bwana mmoja akatiwa hatiani kwa kumleta shemeji yake kutoka Texas. Mahakama Kuu ya Marekani ndo iliyokuja kuifuta sheria hiyo mwaka 1941. Kitabu cha Goldsmith kimetoka 1939, katikati kabisa ya mambo hayo. Kwa hiyo unapomwona Al anafika mpaka wa California, anakaguliwa, jasho linamtoka ndani ya suti ya marehemu, ujue kwamba hata asingekuwa na maiti nyuma yake bado mtu wa aina yake alikuwa na sababu ya kuogopa pale.

Halafu kulikuwa na sheria za uzururaji, ambazo asili yake ni Uingereza. Chini ya sheria hizo polisi hahitaji kukukuta na kosa, inatosha kukukuta huna shughuli inayoeleweka. Marekani zilikaa mpaka 1972 ndo Mahakama Kuu ikazikata miguu. Waingereza walizisambaza pia kwenye makoloni yao, huku kwetu zikaitwa hivyohivyo, uzembe na uzururaji, na zimewakamata watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kusimama mahali. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo hofu ya Al mtu wa huku haihitaji kutafsiriwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Al alikuwa kuku mgeni kila mji aliopita.

Kingine, huko Arizona ambako angekwenda polisi, mtu aliyekamatwa alikuwa bado hana uhakika wa kuambiwa kwamba anaruhusiwa kunyamaza au kwamba ana haki ya wakili kabla ya kuhojiwa. Ile kauli maarufu ya "una haki ya kukaa kimya" tunayoisikia kwenye kila muvi ya polisi ilizaliwa mwaka 1966, kwenye kesi ya Ernesto Miranda, na Miranda alikamatwa Phoenix, Arizona hiyohiyo. Al anakutwa na maiti miaka 21 kabla. Angewekwa chumbani saa ngapi mpaka aseme wanachotaka kusikia?

Kwa hiyo hofu yake ina msingi. Ila hofu kuwa na msingi hakumsafishi mtu kwa alichokifanya baada ya hofu, na hapa ndo nataka tuwe makini kwa sababu muvi imetengenezwa ili utereze. Kwenye kifo cha Haskell inawezekana kabisa Al hana kosa lolote, daktari wa maiti angeweza kuangalia kama lile jeraha la kichwa limetoka damu ya mtu aliye hai au la mtu ambaye moyo ulishasimama, na vile vidonge vingesema kitu. Lakini kuficha maiti ni kosa. Kuchukua pochi, gari, nguo na jina la marehemu ni makosa, na hakuna aliyemlazimisha. Kwenye kifo cha Vera hakukusudia kuua, ila ni mikono yake iliyovuta waya. Yaani yule mtu "asiye na hatia" anayeelezwa kila mahali ana hatia za kutosha, isipokuwa siyo ile aliyokuwa anaikimbia. Na kila alichofanya kuikimbia hatia isiyo yake ndicho kilichomtengenezea ya kwake. Mithali inasema waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu. Al alianza kukimbia akiwa bado si mwovu.

Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Yeye anasema ni majaaliwa, kwamba kuna nguvu fulani huko inakunyooshea kidole bila sababu. Kwa Kiswahili angesema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mtu ukimsikiliza kwa dakika 68 bila kupumua unaanza kukubali. Mara ya kwanza kuiangalia nilimwonea huruma mpaka mwisho. Mara ya pili nikaanza kuhesabu matawi aliyoshika mwenyewe. Hakuna mti uliomteleza pale alipompa Vera lifti akiwa kwenye gari la marehemu, alijisikia tu kumpa.

Sasa njoo kwenye ile sauti. Muvi inaanza Al kakaa kwenye mgahawa Nevada, mchafu, ndevu hazijanyolewa, mtu anaweka sarafu kwenye mashine ya muziki na unapigwa wimbo uleule aliokuwa anauimba Sue, Al anapandwa na hasira. Halafu taa za mgahawa zinafifia unabaki ukanda mmoja wa mwanga kwenye macho yake, kikombe chake cha kahawa mbele ya kamera kinaonekana kikubwa kuliko kichwa cha mtu, na anaanza kutuhadithia. Kila kitu baada ya hapo kinatoka mdomoni kwake. Haskell amekufa vipi? Anasema yeye. Vera alisema nini? Anasema yeye. Hatuna shahidi wa pili hata kwenye tukio moja, na wote wawili ambao wangeweza kumpinga wamekufa. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua vizuri nguvu ya anayesimulia, muvi ileile akiisimulia mtu mwingine mbaya anageuka kuwa mzuri.

Na anajua kwamba hatumwamini. Mara kwa mara anatugeukia anatuambia najua mnafikiria nini, najua mtasema naongopa. Mtu asiyetuhumiwa anajitetea mbele ya watu asiowajua gizani. Kwa sababu hiyo wapo wachambuzi wanaosema jamaa ni muuaji tu, kaua wote wawili na anatupiga kamba, kwa nini vifo viwili vya bahati mbaya, vyote hakuna shahidi, vyote vinamnufaisha? Ni hoja nzito na huwezi kuivunja kwa ushahidi uliomo kwenye muvi. Mimi nasimama hapa: nadhani matukio anayasimulia kama yalivyotokea, ila moyo wake ndo anaudanganya. Angalia anavyosema anampenda Sue halafu angalia zile sini zao, Sue anamwambia anaondoka na jamaa uso umemfunga, anakerwa zaidi ya anavyohuzunika. Angalia pia jinsi alivyozizoea haraka hela za Haskell. Kama angekuwa mwongo wa matukio angejitengenezea ajali inayoaminika. Ajali ya waya wa simu kupita chini ya mlango hakuna mwongo mwenye akili anayeweza kuichagua.

Turudi kwenye hela, maana nilisema ni kitu kimoja. Enzi hizo majumba ya sinema Marekani yalikuwa yanaonyesha muvi mbili kwa tiketi moja. Muvi kubwa studio ilikuwa inachukua asilimia ya mapato, ikijaza watu inavuna. Ile ya pili, ya kujazia, ilikuwa inakodishwa kwa bei isiyobadilika, watu wajae wasijae hela ni ileile. Hebu fikiria hapo wewe ni prodyuza. Unajua kabla hujawasha kamera kwamba muvi yako itaingiza kiasi gani, na haitazidi hata ikiwa nzuri namna gani. Njia pekee ya kupata faida ni kutumia kidogo. Studio kama PRC ziliishi kwenye nafasi hiyo, na ndiyo maana kazi zilifanyika mbiombio kwenye seti mbili tatu.

Ulmer hakuwa mtu wa kuokotwa. Alizaliwa 1904 Olomouc, wakati huo ikiwa ndani ya dola ya Austria-Hungaria, akakulia Vienna, akafanya kazi kwenye sinema ya Ujerumani wakati ambapo Wajerumani ndo walikuwa mabingwa wa kivuli na mwanga. Mwaka 1934 akatengeneza The Black Cat pale Universal, ikafanya vizuri. Halafu akapendana na Shirley, ambaye alikuwa mke wa mpwa wa Carl Laemmle, na Laemmle ndiye mwenye Universal. Milango ya studio kubwa ikafungwa. Akatengeneza muvi za Kiyidi, yaani lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, za Kiukraini, moja ya Wamarekani weusi wa Harlem, chochote kilichokuja, na Shirley wakaoana akawa ndiye anayemshikia skripti kwenye seti miaka yote. Mtu huyo ndiye aliyepewa Detour, mtu ambaye mwenyewe alitoka kwenye lami akaishia kwenye mchepuko.

Angalia alichofanya. Stori inahitaji New York usiku na hakuna hela ya kujenga New York. Akamwaga ukungu. Al na Sue wanatembea ndani ya weupe mtupu, unaona taa ya barabarani na kibao cha mtaa basi, akili yako inajenga jiji lililobaki. Stori inahitaji Al ampigie simu Sue kutoka upande mmoja wa nchi kwenda mwingine, Ulmer akachukua picha za akiba za nyaya za simu na wanawake wa ofisi ya simu wakichomeka waya, akaziweka katikati, na kwenye mazungumzo tunamsikia Al tu, majibu ya Sue hatuyasikii. Ni ubahili, ndiyo. Lakini mtu ambaye hata sauti ya mpenzi wake anaisikia yeye peke yake, si ndo Al mwenyewe? Na yale magari, sehemu kubwa ya safari waigizaji wamekaa kwenye gari lililosimama studio, nyuma yao barabara inapita kwenye skrini. Wanakimbia na hawaendi popote. Studio yenye hela ingetuonyesha New York halisi, sauti ya Sue, polisi wakijadiliana ofisini, na hapo tungejua ukweli uko wapi. Detour haina hela ya kutuonyesha chochote nje ya kichwa cha Al, kwa hiyo tumefungiwa mle ndani na yeye.

Kuna hadithi inayorudiwa kwamba ilipigwa siku 6 kwa dola 20,000. Ulmer mwenyewe ndiye aliyeisema ile ya siku 6, na inapendeza kusikia, lakini si kweli. Kwenye skripti ya kazi waliyoihifadhi familia yake imeandikwa siku 14 za kamera, Juni 1945, na watafiti waliochimba mahesabu wamekuta gharama ilivuka dola 100,000. Bado ni hela ndogo kwa Hollywood, na mimi naona kumkuza Ulmer kwa kumpunguzia siku ni kumkosea, maana ule ukungu haukupatikana kwa kukimbizana, mtu alikaa akafikiri.

Siwezi kupita bila kusema kuhusu Ann Savage. Alikuwa na miaka 24. Wanawake wa muvi za aina hii kawaida wanapakwa mwanga laini, wanatega kwa urembo. Vera hategi mtu. Nywele chafu, sauti kama msumeno, anakohoa kikohozi cha mtu anayejua hana muda mrefu, anamkodolea Al macho bila kupepesa. Ni mtu wa barabarani kama Al, fukara kama yeye, tofauti ni kwamba Vera hajidanganyi kuhusu anachokitaka. Kwenye hizo dakika 68 ndiye pekee anayemwona Al alivyo.

Jina la aina hii ya muvi, noir, yaani nyeusi, halikutoka Hollywood. Vita ilipoisha Ufaransa ilipokea kwa mkupuo muvi za Marekani ilizozikosa miaka yote ya kukaliwa na Wajerumani, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaona zile za uhalifu zimeingiwa na giza fulani, akaziita hivyo. Ulmer alipokuwa anapiga Detour alikuwa anatengeneza tu muvi ya kujazia tiketi.

Maisha yakafanya kitu kizito baadaye. Tom Neal mwaka 1951 alimpiga vibaya mwigizaji mwenzake Franchot Tone kwa sababu ya mwanamke, Hollywood ikamtenga. Mwaka 1965 mke wake alikutwa kauawa kwa risasi nyumbani kwao Palm Springs, Neal akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akakaa gerezani miaka kama 6, akafa 1972, mwaka uleule aliokufa Ulmer. Watu wanapenda kuyasoma hayo kama mwendelezo wa Detour. Mimi naomba tusifanye hivyo. Kule kuna mtu halisi aliyekufa, na kukifanya kifo chake kuwa nyongeza ya muvi ya mumewe si haki.

Muvi yenyewe ilinusurika kwa uzembe. Haki miliki yake haikuhuishwa ilipofika miaka 28 kama sheria ya wakati ule ilivyotaka, ikawa mali ya umma, kila mtu akaikopi, nakala za nakala, zenye mikwaruzo na sauti ya kukoroma, na kwa namna hiyo ikazunguka kwenye televisheni za usiku wa manane mpaka watu wakaipenda. Mwaka 1992 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Mwaka 2018 ikatoka iliyosafishwa, na moja ya nakala bora zilizotumika ilitoka kwenye hifadhi ya filamu Ubelgiji ikiwa na maandishi ya tafsiri yaliyochomwa kwenye picha, ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Ukiitafuta tafuta hiyo, maana kwenye zile kopi mbovu giza na ukungu vinakuwa tope moja na unakosa nusu ya kazi ya Ulmer.

Na ukifika mwisho angalia vizuri. Hollywood ya wakati ule ilikuwa na kanuni ya maadili, inasimamiwa kwa ukali tangu 1934, na muvi ilikuwa hairuhusiwi kumwacha aliyeua aondoke zake. Kwa hiyo lazima Al akamatwe. Anatoka mgahawani anatembea usiku barabarani peke yake, sauti yake inatuambia kwamba iko siku gari litasimama kumchukua, na hatakuwa ameliomba lifti. Gari la polisi linatokea, linasimama, askari anateremka. Hatusikii akimwita jina wala kumwambia kosa lake. Al anaingia ndani ya gari, na anayeongea bado ni Al.